Vioo vya Gari la Mikate

Mtaani kwao, mzee akionekana anatafuna karanga kwa kujiamini, watu walijua ameshapita kwa Bi Gego.

Bi Gego alikuwa fundi wa meno bandia. Jina hilo alipewa na wateja. La kwake mwenyewe lilibaki kwenye vyeti. Alifanya kazi katika chumba cha nyuma cha kliniki, ukuta mmoja na daktari aliyeng'oa. Meza yake ilikuwa nyeupe kwa unga wa plasta, na mbele yake kulikuwa na rafu ya taya za watu, kila taya na jina la mwenyewe, zote zikimcheka tangu asubuhi. Hakuwahi kumchelewesha mteja. Mtu asiye na meno hana subira, na akija kugomba huelewi anagombea nini, kwa hiyo ni afadhali umalize kazi yake mpumzike wote wawili.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Chumba kilichokuwa cha watoto, kabla hawajaenda kuanzisha ugomvi kwenye nyumba zao wenyewe, sasa kilikuwa cha magari. Yalikuwa magari madogo ya plastiki, kila moja urefu wa kiatu cha mtoto, yale yanayouzwa ndani ya kasha yakiwa vipande vipande vilivyoshikana kwenye fremu. Unavikata, unavipiga msasa, unavipaka rangi, unaviunga kwa gundi, na mwisho wake unapata gari kama la kwenye picha ya kasha. Bi Gego hakulitaka la kwenye picha. Alitaka magari aliyoyajua. Kasha la gari la kifahari aliligeuza teksi yenye kiti kilichopasuka na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Pikapu mpya aliichuna rangi, akaipachika mlango wa gari jingine, kama zilivyo pikapu zote zenye akili timamu.

Kasoro ilikuwa moja tu. Hakuna hata gari moja lililokwisha. Teksi haikuwa na magurudumu. Pikapu haikuwa na taa. Basi dogo lilisubiri kioo cha mbele tangu mtoto wake wa mwisho alipokuwa shule ya msingi, na mtoto huyo sasa alikuwa na kitambi. Kila gari lilifika karibu kabisa na mwisho, Bi Gego akaona kitu ambacho hakijakaa sawa, akalirudisha kwenye kasha lake taratibu kama mtu anayefunika maiti.

Mumewe alikuwa kinyozi, na jambo hili hakulielewa.

"Mke wangu," alimwambia siku moja, "mimi nikimkosea mtu siwezi kumrudisha kwenye kasha. Namfuta nywele shingoni, namwambia umependeza."

Kila Jumamosi mchana Bi Gego alikwenda chama cha waunda magari madogo. Walikutana nyuma ya duka la rangi, katika chumba chenye harufu ya tina ya kuyeyushia rangi na meza moja ndefu. Kulikuwa na muuguzi, walimu wawili wasiosalimiana, na dereva wa gari la kubebea maiti ambaye aliunda magari ya mashindano tu, kwa sababu kazini, alisema, hajawahi kuruhusiwa kukimbia. Mwenyekiti alikuwa fundi saa, mzee mwenye lenzi ya jicho aliyoivaa hata akinywa chai. Sheria yao ilikuwa fupi: ili uwe mwanachama, uweke mezani gari moja ulilolimaliza kwa mkono wako, watu walitazame, waseme. Mpaka siku hiyo wewe ni mgeni, na mgeni alikuwa na kiti chake, cheupe, cha plastiki, kando ya mlango.

Bi Gego alikuwa amekikalia kiti kile kwa muda mrefu kuliko uanachama wa nusu ya wanachama. Kutoka pale aliona kila kosa. Alimweleza muuguzi kwa nini rangi yake inatoka chunusi. Alimwonya dereva, zaidi ya mara moja, asithubutu kubandika vioo kwa supagluu, kwa sababu mvuke wake unatua kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe usiofutika kwa kitambaa. Walimsikiliza. Alikuwa anajua kweli. Basi ikawa kama desturi, na hakuna aliyeuliza, mpaka Jumamosi moja fundi saa alipomfuata mlangoni.

"Bi Gego, wewe ni wetu, hilo halina ubishi. Lakini kile kiti ni cha kupitia, dada yangu, si cha kuhamia. Kuna mama mwingine anakiomba. Mwisho wa mwezi weka gari mezani. Usipoweka, tutakuomba umpishe."

Alisema kwa upole, na ndiyo maana iliuma. Bi Gego alitembea hadi nyumbani akipanga majibu mazuri sana, ambayo hayakuwa na faida tena kwa mtu yeyote. Alipofika mlangoni alijua jambo moja: akinyang'anywa kiti kile, Jumamosi itabaki kuwa siku ya kufua. Na alijua gari ni lipi.

Lilikuwa gari la baba yake. Marehemu alisambaza mikate. Alfajiri alipakia mikate kiwandani kwenye gari refu la familia lililong'olewa viti vya nyuma, akaja nyumbani, akawapachika watoto wake watano katikati ya trei, akawashusha shuleni, kisha akaendelea na maduka. Picha ya gari hilo ilikuwepo, imepigwa Jumapili, limeoshwa, limesimama peke yake kama bwana harusi. Bi Gego alilifanyia kazi kwa picha hiyo. Kwenye kasha walichorwa mume, mke na mbwa wakielekea ufukweni. Aliwafukuza wote. Alikata viti vya nyuma, akasuka trei kwa waya wa kunyooshea meno, akafinyanga mikate kwa ile plastiki ya waridi ya kutengenezea fizi na kuipaka kahawia. Mlango wa nyuma aliutia bawaba ili ufunguke, kwa sababu gari la mikate lisilofunguka nyuma ni dhihaka. Bampa alilipinda pale lilipopigana na geti la shule. Rangi ndiyo iliyomtesa, maziwa yaliyochakaa, mpaka siku moja kazini, akimlinganishia mteja rangi ya meno, akaiona: rangi ya gari la baba ilikuwa ile ile ya meno ya mvutaji sigara wa kiasi.

Vioo alivisugua kwa dawa ya kung'arishia meno mpaka nzi angejigonga.

Asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi gari lilikuwa tayari. Alilizungusha mara ya mwisho, ambalo ndilo kosa lake la siku zote, akaona kioo cha ubavuni, cha nyuma kulia, kimeachia pembe moja. Gundi nyeupe, ile salama, ingekauka jioni. Chama kilikuwa mchana. Bi Gego alitazama mlango, kana kwamba wanachama wote wamesimama pale, akachukua supagluu. Tone dogo, kichwa cha pini, kwa ncha ya sindano, kupitia mlango wa nyuma. Likashika papo hapo. Akafurahi. Kisha, ili vumbi lisiliguse, akaliweka ndani ya sanduku lake la plastiki angavu, akafunga kifuniko barabara, akaenda kuoga.

Mvuke ule ungetoka ukaenda zake. Kwa usafi wake, aliufungia ndani.

Alipotoka, amevaa gauni la kutokea, vioo vyote vya gari la baba vilikuwa vyeupe. Hakulia. Alikaa. Bodi na chasisi vilikwishaungana. Kulifungua gari kungekuwa kulivunja. Kwa mlango wa nyuma angeweza kufikia vioo vya nyuma tu, vya mbele vikabaki na mtoto wa jicho. Baada ya muda alinyoosha mkono chini ya meza, akatoa kasha la mume, mke na mbwa, akalifungua.

Hapo ndipo dada yake alipoingia. Alikuwa mkubwa wake, muuza viatu, mtu wa kuingia bila hodi, na alikuja kumsindikiza kwa kuwa alitaka kuona watu wazima wanaochezea magari. Aliinama mezani, tayari kucheka. Hakucheka. Alivuta kigoda.

"Kumbe ulikumbuka," alisema.

"Nimekumbuka nini? Nimeharibu."

"Umeharibu nini? Mikate ilikuwa inatoka moto, baba anafunga milango, tunachemka humo kama sisi ndio wa kuuzwa. Lile gari lilikuwa na vioo vya kuonea nje? Mimi shule nilikuwa naijua kwa harufu ya choo, tukikaribia."

Bi Gego alimwambia kwamba picha inaonyesha vioo vinang'aa. Dada alimjibu kwamba picha ni ya Jumapili, na Jumapili hakukuwa na mikate wala watoto, sasa gari lipate wapi jasho. Kisha akaweka kidole chake kinene cha kubania soli kwenye kioo cha nyuma kulia.

"Wewe ulikaa hapa. Ulikuwa unafuta kiduara kwa mkono wa sweta, uchungulie. Mama akakuchapa kwa ajili ya ile sweta, na kesho yake ukafuta tena."

Bi Gego alifungua mkoba wake wa kazi, akatoa kile chuma chenye shingo iliyopinda cha kufikia magego ya mwisho, akakifunga pamba nchani, akaichovya kwenye dawa ya kung'arishia. Alikipitisha mlango wa nyuma, juu ya mikate, polepole, mpaka kikagusa kioo kwa ndani. Alizungusha mara chache. Ukungu ukaachia hapo tu, kiduara kidogo kisicho sawasawa, chenye mkia chini kama mkono ulioteleza.

Alirudi nyuma kulitazama. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na taulo la saluni begani.

"Limekwisha?"

"Limekwisha."

Kinyozi hakusubiri asikie neno la pili. Alilichukua gari yeye mwenyewe, akalishikilia juu mpaka mkewe alipomaliza kuvaa viatu.

Mezani, fundi saa alilizunguka gari na lenzi yake. Alifungua mlango wa nyuma kwa kibanio, akahesabu mikate kwa midomo. Alichungulia kwenye kiduara akakaa hapo kwa muda, kama kuna mtu ndani anayemtazama.

"Huu ukungu," alisema hatimaye. "Nimejaribu poda, nimejaribu rangi ya kupuliza, haukai hivi. Umeupataje?"

Njiani Bi Gego alikuwa ametunga maelezo ya kitaalamu, marefu kidogo. Alimtazama dereva wa gari la maiti.

"Nimekosea," alisema. "Niliweka supagluu, nikafunga sanduku."

Dereva alicheka mpaka akavua kofia. Alisema ametukanwa kwa supagluu ile miaka na miaka, sasa anataka aombwe radhi kwa maandishi. Walimu wawili walicheka pamoja, wakashtuka, wakaacha. Bi Gego alisimulia habari ya mikate, ya sweta, na ya mama. Mwisho fundi saa aliondoa lenzi jichoni, jambo ambalo wengi pale hawakuwahi kuliona, na ikajulikana kwamba ana jicho la kawaida tu.

"Mpeni mwenzetu kiti," alisema.

Walimpa cha mbao, chenye mguu mmoja mfupi. Kwenye kile cheupe aliketi mama mwenye miwani, mgeni, aliyefika kwa mara ya kwanza. Hakuwa amemaliza hata chai yake aliposema kwamba, kwa maoni yake, bampa lingependeza zaidi kama lingenyooshwa.

Bi Gego aligeuka, kiti kikayumba naye, akamwangalia yule mama kwa upendo mkubwa.

"Nyumbani una magari mangapi, dada yangu?"

"Yapo," alisema mama. "Bado hayajakaa sawa."

"Lililo karibu zaidi limebakiza nini?"

Mama alifikiri. Alisema magurudumu tu.

"Lilete Jumamosi," alisema Bi Gego. "Na mimi nitakuja na la kwangu lisilo na magurudumu. Tutayafunga hapa hapa, tuone nani ataanza kutafuta kasoro."