Safari ya Kitanda cha Bibi

Nilipokuwa mtoto kule Pito, Ufipa, kitanda hakikuhamishwa kitupu. Wazee wetu walisema ukikipeleka kwa mwenzio bila mtu juu yake, huko kiendako kitamtafuta mtu wa kumlaza moja kwa moja. Nyie chekeni tu. Sisi hatukucheka.

Kitanda chenyewe cha bibi kilikuwa cha mninga, kizito balaa. Bibi alipewa na rafiki yake Mama Rukia, mwenye duka la vitenge mjini, aliyezaa wanawe wote juu yake. Bibi naye akamzaa hapo baba yangu, kisha shangazi. Sasa ilikuwa zamu ya shangazi, aliyeolewa Malangali. Alikuwa mjamzito, na alikwisha kuzika watoto wawili wangali wachanga. Nyumba nzima ilikuwa ikiomba huyu wa tatu akae.

Basi mimi ndiye niliyepakiwa. Baba alikifunga kitanda juu ya mkokoteni wa ng'ombe, bibi akanipandisha kwenye godoro, nikakaa kama bibi harusi. Raha iliyoje! Ila upepo wa Ufipa mnaujua wenyewe. Baba akanipa kitenge, nikajifunika gubigubi, usingizi ukanipitia.

Baba aliswaga ng'ombe wake bila kugeuka nyuma, akishangaa kwa nini wanaume njiani wanavua kofia. Kwetu, mtu aliyelazwa kitandani akafunikwa hadi kichwani, akipitishwa barabarani, ni marehemu.

Niliamshwa na kilio. Shangazi alikuwa ametoka mbio na tumbo lake, ameangukia kitanda.

"Mama yangu! Mmeniletea nani tena?"

Nikaketi. "Shikamoo shangazi."

Jamani! Alinikumbatia hadi nikakosa pumzi, akicheka na kulia pamoja. Halafu akaniachia ghafla, akakitazama kitanda. Kitanda cha uzazi kilikuwa kimepokelewa kwa kilio cha msiba. Akakataa katakata kisiingizwe ndani, kikabaki uani usiku kucha.

Asubuhi baba alirudi Pito kumweleza bibi, na jioni bibi akafika kwa miguu. Alikizunguka kile kitanda taratibu, akashika tendegu moja.

"Afadhali," akasema. "Machozi ya kitanda hiki umeshayamaliza, mwanangu. Hakina mengine. Kiingizeni."

Kikaingizwa. Mtoto akazaliwa, akakaa. Leo ni mbaba mwenye ndevu, na kila akinipigia simu ananiita marehemu.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza bibi ile mila ya machozi aliipata kwa nani. Akatazama kwanza mlangoni.

"Kwa nani? Niliitunga njiani. Nilitembea nikitetemeka mwili mzima, najiambia nikifika pale na uso wa hofu, binti yangu basi tena."

Siku ile mimi nilimwona hana wasiwasi hata chembe. Sasa nami nina binti mjamzito, kaolewa mbali, na najua ile njia ya Malangali ilikuwa ndefu kiasi gani.