Chupa ya Kijani Dukani Mlandege

Juzi nikingoja mafuta ya nazi dukani Mlandege, bibi mmoja mbele yangu aliweka juu ya kaunta chupa tupu ya kijani, nzito kama mchi. Kando yake alisimama mkwewe, mpishi aliyefuatana na bwana wake Mzungu mpaka Ufaransa, kwenye mashamba ya mvinyo wa povu, kuonja vyakula mji kwa mji. Chupa ile ya mvinyo huo, tupu vilevile, ndiyo zawadi aliyomletea mkewe.

"Mkeo yuko kwangu, na hatoki mpaka nijue," bibi alisema, sote tukisikia. "Ulikunywa?"

"Sikunywa, mama. Wallahi."

"Wiki mbili mezani na wanywaji. Ulikula nini basi?"

Mkwe akahesabu kwa vidole. "Nguruwe nilimwacha. Kuku hawakumchinja kwa bismillahi, nikamwacha. Konokono wa siagi, nikamwacha."

"Konokono?" Bibi aliziba mdomo kwa buibui. "Ukabaki na nini?"

"Mkate na viazi."

Akainua shati kidogo. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu matatu mapya kwa msumari. Bibi aliyatazama matundu yale, kisha akamgeukia mwenye duka.

"Jaza mafuta. Leo nakaanga samaki." Na kwa mkwewe: "Magharibi njoo umchukue mkeo. Lakini ule kwanza."

Kizibo cha Kifaransa kilikuwa kimevimba, hakikuingia tena, nikampa gunzi la muhindi nililozibia chupa yangu.

Wanangu hununa wakiona mchicha. Nafikiri dawa yao ni wiki mbili Ufaransa.