Togwa Lililokatiza Fatiha ya Posa Yangu

Jamani, msinicheke (najua mtacheka tu), lakini fedheha nliyoipata mie siku ya posa yangu kule Bububu hata adui yangu simwombei, na bila ya mtu mmoja mwenye moyo mkubwa leo nisingekuwa na mke huyu anayenikata jicho hapo mlangoni.

Miaka hiyo ya hamsini nlikuwa fundi cherehani kijana, nakaa mtaa wa Ng'ambo, namtaka Zuhura, binti wa Maalim wa chuo cha Kurani cha Bububu. Nikasikia kuwa Maalim anapenda sana togwa, kile kinywaji kitamu cha nafaka kisicholevya. Jirani yangu Mama Sikujua, Mnyamwezi, alikuwa bingwa wa mambo hayo: wachukuzi wa bandarini akiwapikia pombe, watoto wa mtaa akiwapikia togwa, na vyote viwili vinatoka kwenye kimea kimoja. Akanifunza. Mtama nikauroweka, nikaufunika kwa gunia bichi mpaka ukaota vimizizi, nikauanika, nikausaga, kisha nikapika uji mwepesi na ulipokuwa vuguvugu nikatia kile kimea changu nikakoroga. Asubuhi yake, lo, tamu utadhani limetiwa sukari!

"Linywewe leo hii," akanambia Mama Sikujua. "Likilala tena, si togwa hilo."

Basi siku ile, ndiyo iliyopangwa posa, mvua ikapiga, wazee wakaiahirisha posa mpaka kesho yake. Mwenye akili angelimwaga. Mie nikaonja, nikaona linakwaruza ulimi kidogo tu, nikalitia kwenye chupa kubwa, nikakigongomea kizibo na kukifunga kwa kamba lisije likanimwagikia kanzu yangu mpya. Na juu ya hayo, mposaji hafuatani na washenga wake, kila mtu anajua, lakini nikamng'ang'ania mjomba wangu: "Mie mchukuzi wa zawadi tu, ntakaa pembeni."

Jua lilikuwa kali na gari lilitutikisa njia nzima. Tukafika, tukakaribishwa halua na kahawa, mjomba akasema yaliyomleta, Maalim akaridhia, mikono ikainuliwa isomwe fatiha (ikishasomwa hiyo, posa imekubaliwa), nami nimeipakata chupa yangu kama mtoto. Hatujafika nusu, paa!

Kizibo kikapiga boriti, togwa likaruka likanirowesha mie, likalirowesha joho la mjomba, na ndevu za Maalim zikawa zinachuruzika. Hakuna aliyeumia. Harufu ndiyo iliyotuumbua, maana ilikuwa pombe, tena pombe hasa.

"Astaghfirullah!" Ami yake Zuhura akaruka kitini. "Mnatuletea mlevi? Hapana posa hapa, tokeni!"

Mjomba akainama kutafuta viatu vyake. Nikajua Zuhura nshamkosa, na machozi yakanitoka mbele za watu, mwanamume mzima.

Maalim akauliza, "Nani kalitengeneza hili?"

"Mie, Maalim. Nlisikia unapenda togwa. Wallahi, jana lilikuwa togwa!"

Akanitazama, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Kumbe mzee anacheka!

"Ndugu yangu," akamwambia Ami, "mlevi akija kuposa, chupa huificha. Huyu kaipakata mchana kweupe."

Akanishika mkono mpaka kisimani, akateka maji mwenyewe, akanimwagia, akanipa kanzu yake mwenyewe (ilinifika kwenye ugoko, na dirishani nlisikia wanawake wanavunjika mbavu). Kisha akanambia, "Twende, mwanangu. Fatiha yetu haijaisha."

Ikasomwa mpaka mwisho.

Togwa sijatengeneza tena, na nimeapa sitengenezi. Lakini Maalim, Mungu amrehemu, alikuwa na kila haki ya kunifukuza, na yeye akaanza kwa kuniuliza. Kila nikiomba dua namtaja pamoja na wazazi walionizaa. Nlikuwa mkwe wake miaka na miaka, na hakunikumbusha mkasa ule hata siku moja. Anayenikumbusha ni Zuhura.