Samaki Niliowaficha Mungu

Jumamosi tulimzika dada yangu Veronika. Jikoni kwake harufu ya samaki wa moshi ilinirudisha utotoni, kwetu kando ya maporomoko.

Papa, baba yangu mvuvi, alikuwa ameleta samaki wengi, na mama akawapanga juu ya moto wakauke. Niliogopa. Asubuhi tuliomba chakula cha leo tu. Mungu akiona tumeweka akiba, hatatupa tena. Nikawafunika kwa majani ya mgomba.

“Unafanya nini?” mama aliuliza.

“Naficha, Mungu asione.”

Veronika alicheka hadi akakaa chini. “Basi jifunike na wewe!”

“Mutoto wangu,” mama akasema, “ni yeye ametupa hawa. Maji ikijaa, papa hatavua. Tutakula nini?”

Akaondoa majani, akanimegea mkia. “Hii ni ya leo.”

Nikaula wote, Veronika bado anacheka.