Rangi Nyekundu kwenye Foku

Mshonaji mmoja alijifunza kuendesha baiskeli ya baba yake tarehe 2 Mei 1998, akiwa na miaka tisa. Aliiendesha mpaka ilipowekwa stoo. Wiki iliyopita baba aliitoa, akaipaka rangi nyekundu na kumpa mdogo wa mshonaji, kitindamimba aliyepata kazi ya ualimu ng'ambo ya kilima.

"Ikague, mama," baba alimwambia mshonaji. "Wewe ndiye unayeijua."

Aliikagua kwa kijicho, na mwenye kijicho hapitwi na kitu. Raba za breki zilikuwa zimekauka, ngumu kama mfupa. Tairi zilikuwa zimechanika ubavuni. Spoku tatu zilikuwa zimelegea, na kila kosa alilitaja kwa sauti.

"Dada, unakagua baiskeli au mchumba?" mdogo wake aliuliza.

Enzi zake baiskeli ile haikuwahi kupakwa rangi. Wekundu ule ulimkera, akaanza kuukwangua kwa ukucha kwenye foku, vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele.

"Sasa hiyo ni roho ya korosho. Sema tu unaitaka."

"Naitaka," alisema. "Lakini njoo uone."

Chini ya rangi palikuwa na ufa uliozunguka nusu ya chuma. Kwenye mteremko wa kilima chuma hicho kingekatika. Baba alivaa miwani, akautazama kwa muda, akakiri kwamba alipaka rangi bila kuuona.

Jumatatu fundi atafunga foku mpya. Mpaka hapo mdogo atakwenda kazini kwa miguu, na baiskeli itabaki kuwa yake, si ya dada yake.