Jogoo wa Kabedi Asiye na Kilemba

Kabedi alipoolewa kule Kasai, mama yake alimpa kuku wawili wa kishingo, jike na dume, wasio na unyoya shingoni. Kwa desturi yao, mkwe haruhusiwi kuwatia kisu kuku hao. Alisafiri nao garimoshini, kikapu mapajani, mpaka kambi ya wachimba shaba Kolwezi, kwa mumewe Kalala. Mama akafa huku nyuma. Kuku wakazaana.

Mwaka wa hamsini na tano amri ya Wazungu wa mgodi ikatoka: majogoo wote wa kienyeji wauawe, kila ua upewe jogoo mwekundu wa Ulaya, mbegu ibadilike. Asubuhi moja Tshilombo, polisi wa kambi, akaanza na nyumba za mwanzo, rungu mkononi. Vichwa vikapasuka. Mbwa wakalamba vizingiti.

Kabedi akambana jogoo wake magotini. Akamkata kilemba, akamng'oa mkia, akamvunja miiba ya miguu kwa koleo. Akampaka majivu penye damu, akamtupa kati ya majike.

"Mama Kabedi, jogoo iko wapi?"

"Tulikula, tata."

"Na ile ya shingo bule?"

"Ile kuku muke, iko mugonjwa. Unaona kilemba?"

Tshilombo akacheka. "Basi, nakuletea bwana yake."

Akafungua sanduku alilokuja nalo. Jogoo mwekundu akatoka, akampanda jike wa karibu. Yule wa kishingo akamrukia usoni, akamtoboa jicho, akaendelea kudonoa tundu lile mpaka mgeni akaacha kupiga mabawa. Kisha akasimama juu ya mzoga, akawika.

"Kuku muke inawika!" Mado, jirani, akaangua kicheko. Rungu likainuka.

Kabedi akamlalia jogoo. Pigo likamvunja mkono, mfupa ukachungulia. Tshilombo akamburuta kwa nywele, akaikanyaga ile shingo tupu ya jogoo mpaka ikakatika.

Lakini nyuma ya jiko jike mmoja alikuwa analalia mayai. Vifaranga walipotoka, Kabedi aliwapapasa shingo mmoja mmoja kwa mkono mzima. Baadhi walikuwa watupu.

Mmoja wao alipoota kilemba, Kabedi akamwita mumewe.

"Tata Kalala, leta kisu, ukate hii kilemba."

"Mi ni mukwe, mama. Kisu hapana."

"Basi shika kuku, kaza. Kisu nitashika mi."