Manowari ya Mabati ya Maduhu

Maduhu wa Samuye hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakujisingizia. Wako watu hasira zao hupoa wakishakula na kulala. Zake hazikupoa. Kwa miaka kumi na minane alimchukia mtu mmoja tu, jina lake Bashiri, na mimi sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo. Nitamlaumu kwa jingine.

Kisa kilianzia Ziwa Tanganyika, wakati wa vita vya Mjerumani. Maduhu na mdogo wake Masele walichukuliwa kwao wakapelekwa Kigoma, kwenye manowari ndogo ya chuma. Maduhu alikuwa mhunzi, akapewa kazi ya kugonga ribiti, misumari ya kuunganishia mabamba, na kupaka rangi. Masele aliteremshwa chini kwenye chumba cha tanuri, kuchochea kuni. Nyapara wao alikuwa Bashiri, kijana wa mjini mwenye kanzu safi na sauti ya kukatisha watu maneno.

Siku manowari ilipopigwa, mvuke ulianza kufoka kutoka chini. Bashiri akabamiza mfuniko wa chuma wa chumba cha tanuri, akatia komeo, akamwamuru Maduhu arukie mtumbwini. Chini watu waligonga. Maduhu alizisikia ngumi zao kwenye bamba, na aliruka.

Wakubwa walipouliza wachochea moto wako wapi, Bashiri alisema wote walitoroka kabla ya vita. Maduhu alipofungua mdomo kupinga, alilazwa kifudifudi akala viboko hamsa waishirini. Hata alipofika Samuye, uongo ulikuwa umeshamtangulia: Masele ni mtoro. Makoye, mjomba wao na mwenye kauli katika ukoo, akakataza mtoto yeyote asipewe jina la Masele. Kwa Wasukuma, mtu asiyerithiwa jina amefutwa kama hakuzaliwa.

Maduhu alijua kwamba akisema ataambiwa anamfichia nduguye aibu. Basi akanyamaza. Akaapa kuwa ukweli utatoka kinywani mwa Bashiri mwenyewe, mbele ya Makoye, au hautatoka kabisa. Mama yao, ambaye wote walimwita Mayu, yeye aliupenda ule uongo kwa namna yake, maana mtoro ni mtu aliye hai. Kila msafiri aliyetoka magharibi alimuuliza kama hakumwona kijana mrefu mwenye kovu kidevuni.

Mwaka 1933 habari zikafika kwamba Bashiri yuko Geita, amenona. Watu walikuwa wakimiminika huko kwa ajili ya dhahabu, naye alikuwa akiwatafutia wazungu vibarua. Alikuwa na duka Kalangalala, na kila alasiri aliketi barazani akisimulia vita kama vile manowari aliiendesha peke yake. Maduhu akafunga mzigo. Alipata kazi ya kunoa patasi za wachimbaji. Alimwamkia Bashiri shikamoo, akaitikiwa marahaba, na yule bwana hakumtambua. Nyapara hakariri nyuso.

Hapo ndipo alipoanza kuiunda manowari. Vipimo alikuwa navyo kichwani, kwa kuwa wakati wa kupaka rangi alikuwa ameipima yote kwa mkono wake, bamba kwa bamba. Aliichora kwa mkaa kwenye sakafu ya kibanda chake, mita moja ya meli kwa upana wa vidole vitatu, akaifuta mara tatu kwa sababu omo, pua ya meli, halikukaa sawa. Mabamba aliyakata kwenye madebe ya mafuta ya taa. Ribiti zilikuwa vipande vya waya, na kila moja aliigonga mahali pake. Bomba la moshi aliwahi kulitengeneza kwa kopo la maziwa, akalitupa, kwa kuwa lilizidi unene kwa punje ya mchele. Jirani yake aliyeona bomba zuri namna ile likitupwa kwa ajili ya punje alimwona mwehu.

Kazi ile ilimchukua mwaka na miezi. Ilipobaki mfuniko wa chumba cha tanuri, alitengeneza komeo dogo la chuma halisi, akalipachika upande wa ndani. Huo ndio uongo pekee katika meli nzima, na mkono wake ulimgomea mara mbili kabla ya kuukubali.

Siku ya Idi aliipeleka barazani kwa Bashiri. Vibarua wa Samuye walikuwepo, na Makoye naye alikuwepo, kwa kuwa Maduhu alimwita aje kuwaona wajukuu zake machimboni. Bashiri alifurahi kupita kiasi. Akaizunguka meli, akausifu mzinga, akawaeleza watu usukani ulikuwa wapi, akajisahau kabisa kwa utamu wa kusikilizwa. Kisha akauinua mfuniko kwa kucha.

"Hapa umekosea, fundi," akasema. "Komeo lilikuwa juu."

"Samahani, Bwana Nyapara. Nilisikia wachochea moto walikuwa wakijifungulia wenyewe kutoka ndani."

Bashiri akacheka. "Nani kakudanganya? Ndani hapakuwa hata na mshikio. Aliye chini hatoki mpaka nimfungulie mimi. Siku ile ya vita nililitia kwa mkono huu huu, mvuke usije ukatuua sisi wa juu."

Makoye alikuwa akinywa kahawa. Aliweka kikombe chini polepole. "Na waliokuwa chini?" akauliza.

Bashiri akauachia mfuniko. Akamtazama fundi, na kwa mara ya kwanza akamwona.

"Mimi ni Maduhu," fundi akamwambia. "Masele ni mdogo wangu."

Watu wa Samuye waliondoka barazani bila kuaga. Wiki haikuisha, hakuna Msukuma aliyekubali kuandikishwa kazi na Bashiri. Wacheza ngoma wakamtungia wimbo uliomtaja yeye, baba yake na komeo lake. Alihamia Ushirombo, akaukuta wimbo umeshafika. Akarudi Geita kuomba radhi, akagonga mlango wa Maduhu asubuhi nzima. Maduhu alikuwa ndani, ameketi kwenye kigoda, akisikiliza zile ngumi mpaka zilipochoka. Hakuwahi kupata raha kama ile, na hakuificha.

Wakarudi Samuye pamoja na Makoye, Maduhu akitembea mbele kama bwana harusi. Makoye aliwakusanya watu, akawaeleza habari ya komeo, akaliondolea jina katazo lake, na siku hiyo hiyo kichanga cha binamu yao kikaitwa Masele. Maduhu akamgeukia mama yake, akingoja kusifiwa.

Mayu alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. "Wewe umelijua hili tangu lini?" akauliza.

"Tangu siku yenyewe, mayu. Nilikuwa juu yake. Nilingoja yule aseme mwenyewe, ili watu waamini."

"Watu," Mayu akasema. "Miaka yote hii nimemlaani mwanangu kwa kutokuja kuniona. Nimemlaani kila mavuno. Na wewe ulikuwa unapima mabati."

Maduhu alijaribu kueleza habari za Makoye, za viboko, za kiapo. Mayu hakumsikiliza. Aliagiza aletewe wembe na maji, kwa kuwa msiba ulikuwa umemfikia siku hiyo, na wafiwa hunyolewa. Paskazia, jirani yake, akaja kumnyoa. Alipomaliza, Maduhu alisogea akaketi mkekani kando ya mama yake, akainamisha kichwa naye anyolewe. Paskazia akauchovya wembe majini.

Mayu akamshika Paskazia mkono. "Huyo mwache na nywele zake," akasema. "Yeye hakufiwa leo."